Khati Nzuri na Picha ya Kweli Katika Kuuza Viungo



Karafuu ya magunia ina njia yake ya kuuzwa, nayo twaijua sote. Lakini wengi wetu tuna mdalasini, pilipili manga na kungumanga katika mashamba yetu, na hivi twauza kwa vifurushi vidogo, kwa wageni na kwa watu wa mbali wanaoagiza kwa simu. Husemwa kwamba kizuri chajiuza. Lakini kilichofungwa hakionekani wala hakinusiki. Mnunuzi wa mbali ana mambo mawili tu ya kumwongoza, maandishi na picha. Basi yafaa tujifunze yote mawili.

Tuanze na khati. Kalamu ya mwanzi, ile iliyotumika vyuoni tangu zamani, yafaa hata leo. Ichonge ncha iwe bapa, kisha uishike kwa mwinamo ule ule mpaka mwisho wa neno. Ukifanya hivyo, mstari mnene na mwembamba hujitokeza wenyewe mahali pake. Edward Johnston, mwalimu wa khati wa Uingereza, alifundisha matumizi ya kalamu bapa katika kitabu chake cha mwaka 1906; na herufi alizozichora kwa ajili ya reli za chini ya ardhi za London zilianza kutumika mwaka 1916.

Kwa jina la bidhaa tumia herufi kubwa zisizo na mapambo, kama jina la kanga, lisomekalo hata na mtu aliye ng'ambo ya njia. Piga mistari miwili ya penseli, herufi zote ziiguse. Nafasi baina ya herufi hupimwa kwa jicho, si kwa rula. Tazama neno MDALASINI: L na A huacha pengo, basi zisogeze karibu, I, N na I husimama wima, basi zipe nafasi kidogo. Tena usitafute katikati kwa kuhesabu herufi, maana M ni pana na I ni nyembamba. Andika kwanza katika karatasi nyingine, upime urefu wa neno zima, ndipo uandike katika lebo. Chini yake weka uzito, mahali ilipotoka na tarehe ya kufungwa. Wino ukikauka, upitishe kidole kibichi. Ukichuruzika, tafuta wino mwingine.

Sasa picha. Simu ya mkononi yatosha, ila futa kwanza kioo chake cha kamera kwa kitambaa safi. Usipige juani, maana kivuli huwa cheusi na rangi hupauka. Kaa barazani penye kivuli, baina ya saa mbili na saa nne asubuhi, mwanga uje kwa ubavuni. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Usitandike kanga nyekundu wala usikae karibu na ukuta wa kijani, kwa kuwa rangi hizo hurukia bidhaa. Zima taa ya umeme. Ikichanganyika na mwanga wa mchana, rangi hupotea. Weka kijiko kando, mnunuzi apate kujua ukubwa.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa. Kungumanga bichi lina basibasi nyekundu inayong'aa, nayo huvutia sana katika picha. Lakini basibasi ikikauka rangi hiyo hufifia. Ukimwonyesha mtu mbichi ukampelekea kavu, ataona amedanganywa, ijapokuwa bidhaa ni safi kabisa. Hatarudi kwako, na pengine hatarudi kwa yeyote katika kisiwa hiki, kwa kuwa yeye hamjui mkulima mmoja mmoja. Ajua jina la kisiwa tu. Basi piga picha ya kile kile utakachokifunga, na andika uzito ule ule ulioupima.

Twashauri kila mwanachama aandike neno moja mara kumi kila jioni kwa muda wa mwezi, na apige picha ya kifurushi kimoja asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha azilinganishe. Na mwenye kijana mwenye mkono mwepesi nyumbani, amshirikishe katika kazi hii.