Kasi ya mkondo, si kimo cha maji

Kati ya ncha ya kaskazini ya Uskoti na kisiwa kidogo cha Stroma, maji ya Atlantiki na ya Bahari ya Kaskazini hupitana huku na huko kila baada ya saa sita na ushei. Njia ni nyembamba na maji ni mengi, basi hupita kwa kishindo: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mkondo huweza kufikia mita tano kwa sekunde. Hapo ndipo ilipo mitambo minne ya mradi wa MeyGen, ambao ulianza kutoa umeme mwaka 2016. Mapanga ya kila mtambo huzunguka katika duara lenye kipenyo cha mita 18, na uwezo wake ni megawati 1.5. Hakuna bwawa wala ukuta. Mitambo imekaa kwenye sakafu ya bahari kwa uzito wake, na maji yakigeuka, kichwa cha mtambo nacho hugeuzwa kuyakabili.

Wengi huichanganya na kituo cha La Rance nchini Ufaransa, kinachofanya kazi tangu 1966. Kile ni bwawa: maji huzuiwa mpaka pande mbili zitofautiane kimo, kisha huachiwa. Kwa mitambo ya mkondo, kinachohesabiwa ni kasi, na hesabu yenyewe haina huruma. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya maji huongezeka mara nane. Mkondo wa mita tatu kwa sekunde huupa mtambo wa MeyGen megawati zake 1.5 kamili. Punguza kasi iwe mita moja, na kwa hesabu hiyohiyo zinabaki kilowati 55 hivi, tena ikiwa mapanga yatakubali kuzunguka.

Hapa ndipo wanaoota miradi kama hii katika pwani yetu wanapopaswa kutulia. Ni kweli, wakati wa bamvua bahari ya Mombasa na Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita nne. Lakini maji yanayojaa taratibu juu ya ufuo mpana hayana kasi ya kuzungusha kitu. Panatakiwa mlango mwembamba wenye maji mengi nyuma yake. Mwekezaji akija na takwimu za kimo peke yake, aulizwe vipimo vya kasi vya mwezi mzima, vya bamvua na vya maji mafu, yaani siku ambazo mkondo hulegea.

Sifa kubwa ya umeme huu ni kwamba hautabiriwi kwa kubahatisha. Jedwali la kupwa na kujaa huchapwa mapema, kwa hiyo msimamizi wa gridi anajua leo atapata nini mwezi ujao. Tatizo ni kwamba kutabirika si kudumu. Maji husimama kama mara nne kwa siku, na yakisimama umeme hakuna. Maji mafu yakipunguza kasi kwa nusu, hubaki sehemu moja tu ya nane.

Bahari nayo ina ukali wake. Mwaka 2009 kampuni ya OpenHydro ilishusha mtambo katika Ghuba ya Fundy, Kanada. Mkondo ukavunja mapanga yake katika muda wa wiki chache. Hata hitilafu ndogo hudai meli yenye winchi, nayo lazima ingoje dakika chache maji yanaposimama.

Gharama hizo huonekana kwenye bei. Katika mnada wa Uingereza wa 2022, umeme wa mkondo ulipewa pauni 178.54 kwa megawati-saa, na ule wa upepo wa baharini pauni 37.35. Na kwa ukubwa, mtambo mmoja tu wa Bwawa la Nyerere nchini Tanzania una megawati 235, wakati ile minne ya MeyGen kwa pamoja ina sita. Kwa sasa, teknolojia hii kwetu inafaa kufikiriwa pale tu palipo na kisiwa kinachoishi kwa jenereta ya dizeli, kando ya mlango wenye mkondo mkali uliokwisha kupimwa. Kwingineko, fedha hizo zinunue paneli za jua.