Unaponunua kibodi, viulize vidole kabla ya macho

Na Mwandishi Wetu

KWA kawaida mtu anayekwenda kununua kompyuta huuliza mambo matatu: kasi yake, ukubwa wa kumbukumbu yake na bei yake. Kibodi huja pamoja nayo ndani ya boksi, na ni wachache wanaouliza habari zake.

Hata hivyo, kwa katibu muhtasi, mhasibu, mwandishi wa habari au mwanafunzi anayeandika tasnifu, kibodi ndiyo sehemu ya kompyuta inayoguswa tangu asubuhi hadi jioni. Ikiwa ngumu, vidole huchoka. Ikiwa na kelele, huchoka pia walio jirani.

Mwandishi wa makala haya alilijua hilo kwa gharama. Alipoanza kumalizia kazi zake nyumbani nyakati za usiku, alikwenda katika duka moja la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kununua kibodi ambayo muuzaji alimhakikishia kuwa ndiyo bora kuliko zote zilizokuwapo. Bei yake ilikuwa kubwa kiasi cha kumwaminisha.

Usiku wa kwanza mtoto aliamka mara mbili. Siku ya tatu asubuhi, jirani wa upande wa pili wa ukuta aliuliza kwa upole kama siku hizi nyumba hiyo huchezwa bao usiku wa manane.

Kibodi ile haikuwa mbovu. Ilikuwa ikifanya kile hasa ilichotengenezwa kufanya, yaani kulia kila kitufe kinapobonyezwa. Kosa lilikuwa la mnunuzi, ambaye hakujua kilichomo chini ya vitufe.

Kelele hutoka wapi

Kelele za kibodi zina vyanzo vitatu. Cha kwanza ni sauti ya swichi yenyewe, pale inapokuwa imeundwa kulia. Cha pili ni kitufe kugonga chini kinapofika mwisho wa safari yake, kisha kugonga juu kinaporudi. Cha tatu ni meza, ambayo hupokea mtikisiko huo na kuukuza kama ngoma, hasa ikiwa ya mbao nyembamba au ya chuma.

Vitufe virefu, hususan kile cha nafasi na kile cha Enter, ndivyo vinavyopiga kelele zaidi. Hushikiliwa na vyuma vyembamba vinavyovizuia visiinamie upande mmoja, na vyuma hivyo vikilegea hugongana.

Kuna aina kuu tatu za kibodi madukani. Ya kwanza ni ya raba, ambayo huambatana na kompyuta nyingi za mezani. Chini ya vitufe vyake limetandazwa tandiko la raba lenye vinundu mithili ya vikombe vidogo vilivyofudikizwa. Kitufe kikibonyezwa, kikombe hubonyea, na raba hiyo hiyo hupunguza sauti. Ni kibodi ya bei nafuu na isiyo na makelele mengi. Udhaifu wake ni kwamba kitufe hulazimika kusukumwa karibu hadi chini ndipo herufi itokee, na raba ikizeeka huwa nzito au huchelewa kurudi.

Ya pili hutumia vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi chini ya kila kitufe. Ndiyo inayopatikana katika kompyuta mpakato nyingi, na huuzwa pia peke yake kwa ajili ya kompyuta za mezani. Kitufe chake husafiri masafa mafupi, kiasi cha milimita 1 hadi 2, na huguswa kwa wepesi. Kwa mtu anayetaka utulivu bila gharama kubwa, hii ndiyo ya kuiangalia kwanza.

Ya tatu ni ya mekanika, ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake. Kibodi ya IBM iitwayo Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985, ni ya ukoo huo wa springi, na hadi leo ina wapenzi wake licha ya sauti yake kubwa. Kibodi za mekanika hudumu muda mrefu, lakini ndimo mnunuzi anamoweza kupotea kwa urahisi zaidi.

Rangi si pambo

Kampuni ya Cherry ya Ujerumani hutofautisha swichi zake za MX kwa rangi. Ya bluu hutoa mlio mkali kila inapobonyezwa. Ya kahawia haina mlio huo, ila kidole huhisi kikwazo kidogo herufi inapopokelewa. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila mlio wala kikwazo. Ipo pia nyekundu ya kimya, yenye vipande laini ndani yake vinavyopokea pigo la kushuka na la kurudi.

Watengenezaji wengine wameiga rangi hizo, ingawa hakuna sheria inayowalazimisha. Kwa hiyo rangi iwe mwanzo wa kuuliza, isiwe jibu.

Ikumbukwe pia kwamba swichi nyekundu ya kawaida si kimya. Haina mlio wake yenyewe, lakini mtu anayegonga kwa nguvu atasikia kila kitufe kikifika chini. Waliojifunzia kuchapa kwenye taipureta, ambayo ilihitaji nguvu ili herufi ikoze kwenye karatasi, mara nyingi wamebaki na mkono huo mzito.

Uzito wa kitufe na herufi A

Viwango vya kimataifa vya ISO vinavyohusu vifaa vya kuchapia hupendekeza kitufe kisafiri milimita 2 hadi 4, na kihitaji nguvu ya kati ya nyutoni 0.5 na 0.8, yaani takriban uzito wa gramu 50 hadi 80. Umbali kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kingine ni takriban milimita 19.

Si lazima kila kibodi nzuri iwe ndani ya vipimo hivyo. Swichi nyekundu ya Cherry, kwa mfano, huhitaji kiasi cha gramu 45 tu na wengi huifurahia. Hata hivyo, kitufe chepesi mno huandika herufi kidole kinapopumzika juu yake, na kizito mno huchosha.

Kwa anayeandika Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee. Herufi A ndiyo inayojitokeza mara nyingi zaidi katika lugha yetu, na katika mpangilio wa kawaida wa kibodi hupigwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni miongoni mwa vidole dhaifu. Mwingereza herufi yake inayotumika zaidi ni E, nayo hupigwa kwa kidole cha kati.

Ndiyo maana kibodi inayosifiwa na mtu anayeandika Kiingereza inaweza kumchosha mwenye kuandika kumbukumbu za vikao kwa Kiswahili. Unapoijaribu dukani, andika sentensi ya Kiswahili, tena ndefu, kisha usikilize kidole hicho kinasema nini.

Aidha, wanunuzi wa vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya wakague mpangilio wa herufi. Kibodi ya Ufaransa imebadilishana nafasi za A na Q, na ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Kompyuta inaweza kuelekezwa kuusahau mpangilio huo, lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe yatabaki yakimpotosha anayeyatazama.

Mkono ukae vipi

Starehe haitokani na kitufe peke yake. Kanuni inayotolewa na wataalamu wa afya kazini ni kwamba viwiko vikae karibu na mwili vikiwa vimekunjwa takriban nyuzi 90, na kifundo cha mkono kinyooke bila kuinuka wala kupinda pembeni.

Vile viguu viwili vilivyo nyuma ya kibodi huonekana kama msaada, lakini vikiinuliwa hukilazimisha kifundo kujikunja kwenda juu. Kwa watu wengi ni afadhali viachwe vimelala. Mto wa kuegemeza mkono nao ni wa kupumzikia kati ya aya na aya. Si wa kukandamizia kifundo wakati wa kuchapa.

Upana pia una athari. Kibodi kamili hufikia takriban sentimita 45, na ile isiyo na fungu la tarakimu upande wa kulia ni takriban sentimita 36. Tofauti hiyo ndiyo inayousogeza mkono mbali kila unapofuata kipanya, na mwisho wa siku bega hulalamika. Mhasibu atahitaji tarakimu zile. Mwandishi wa barua anaweza kuziacha.

Wapo wanaodhani kuwa kadiri kibodi inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyokuwa bora. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilianza kutumia muundo mwembamba sana katika baadhi ya kompyuta zake mpakato, na watumiaji wakalalamika kwamba vumbi kidogo tu lilikwamisha vitufe. Mwishoni mwa mwaka 2019 ilianza kurejea kwenye muundo wa mkasi. Kwa miji yetu yenye vumbi, somo hilo si la kupuuzwa.

Kabla ya kulipa

Unapofika dukani, omba kibodi itolewe kwenye boksi. Iweke mezani, si mkononi, na uchape kwa vidole vyote kwa dakika tano. Bonyeza kitufe cha nafasi kwenye ncha zake zote mbili na usikilize kama kinagongagonga. Kwa kuwa madukani kuna makelele ya mtaani, isogeze sikioni na ubonyeze tena. Ulizia pia kama inarudishwa usiporidhika.

Ambaye hana fedha ya kununua nyingine anaweza kupunguza kelele za aliyonayo. Kitambaa kizito au kipande cha raba laini kikiwekwa chini yake huizuia meza isivume. Kibodi za mekanika zinaweza kuvalishwa pete ndogo za raba chini ya vitufe. Lakini dawa ya bure kuliko zote ni kugusa kwa wepesi, na hiyo huchukua wiki kadhaa kuizoea.

Ganzi ya vidole, hasa inayomwamsha mtu usiku, au maumivu ya kifundo yasiyokwisha, si mambo ya kutibiwa kwa kubadili kibodi. Wataalamu wa tiba hawajakubaliana kwamba kuchapa peke yake husababisha kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono, lakini dalili hizo zinahitaji kuonwa na daktari mapema.

Kibodi iliyomwamsha mtoto ilihamishiwa kwa rafiki anayeishi peke yake, naye anaipenda. Iliyochukua nafasi yake ni ya muundo wa mkasi, iliyonunuliwa kwa chini ya nusu ya bei ya ile ya kwanza, baada ya kuchapiwa aya tatu za Kiswahili mbele ya muuzaji aliyeanza kukosa subira. Makala haya yameandikwa kwa kibodi hiyo, usiku, na jirani hajauliza tena habari za bao.