Kompyuta ya Maji katika Mji wa Kale: Joto Utalimwaga Wapi?

Vijana wengi wanaotaka kompyuta ya gemu ya kupozwa kwa maji huanza wakiamini kwamba maji ndiyo yanayopoza. Kazi ya maji ni kubeba tu. Huchukua joto kwenye prosesa na kadi ya michoro, hulifikisha kwenye rejeta, na rejeta hulikabidhi hewa iliyo chumbani. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 31, maji hayatashuka chini ya 31 hata ufunge rejeta tano. Ulaya, ambako sehemu kubwa ya ufundi huu imeandikwa, chumba huwa na nyuzi 20 au 21. Mombasa, kaskazi ikikolea mwezi wa Februari na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka sana chini ya 25. Tofauti hiyo inageuza karibu kila ushauri utakaoupata kwa mafundi wa nchi za baridi.

Tuanze na wati. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Hakuna hata wati moja inayobaki ndani ya mchezo. Kadi ya RTX 4090 imewekewa kikomo cha wati 450, RTX 4070 wati 200. Prosesa ya Core i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253 ikibanwa, ilhali Ryzen 7 7800X3D imepangiwa 120 na kwenye gemu nyingi hula pungufu ya hapo. Anayechukua wakubwa wawili anajenga jiko la wati 700; anayechukua wadogo wawili hafiki 350, na wote wawili watacheza gemu zile zile. Kabla ya kununua hata futi moja ya mpira wa kupitishia maji, ingia kwenye mipangilio ya kadi ushushe kikomo cha nguvu hadi robo tatu. Joto hupungua kwa robo, feni hutulia, picha hupungua kasi kidogo tu, na hukutoa hata shilingi. Huo ndio ukimya wa bei rahisi kuliko wote, na sijui kwa nini watu huukimbilia mwisho.

Ukimya wenyewe una sababu. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, gemu imekuwa mazungumzo: maikrofoni iko wazi, na kila feni inayovuma inasikika na wenzako walioko Nairobi au Dubai. Mchana, honi za tuktuk na kelele za mikokoteni huifunika mashine. Baada ya isha, vichochoro vya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, vikitulia, mvumo ule ule unasikika hadi kwa jirani.

Sasa chumba. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haivuki sana mita tatu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 3.5. Hewa yake haifiki kilo 50. Wati 500 ndani ya hewa hiyo, madirisha yakiwa yamefungwa na kuta zisinywe chochote, zingepandisha joto nyuzi moja kila dakika moja na nusu hivi. Heri yetu ni kwamba kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita na hunywa joto kwa muda mrefu. Hapo ndipo mchezaji anapodanganyika: saa ya kwanza kila kitu shwari, saa ya tatu ukuta umeshiba na feni zinaanza kulia. Ili chumba hicho kisizidi hewa ya nje kwa zaidi ya nyuzi tatu, kinahitaji kama mita za ujazo 500 za hewa mpya kila saa, yaani hewa yote ya chumba ibadilishwe mara kumi na mbili. Pangaboi halisaidii hapa. Linakausha jasho lako, lakini linaizungusha hewa ile ile.

Na hapa ndipo maji yanapopata faida yake ya kweli katika nyumba kama hizi: mpira unaweza kwenda mbali. Joto ambalo kadi ingelimwaga miguuni pako, maji yanaweza kulipeleka mita mbili au tatu hadi dirishani. Ziko rejeta kubwa za kusimama nje ya kasha la kompyuta. Iliyo maarufu ni MO-RA ya kampuni ya Watercool ya Ujerumani, yenye nafasi ya feni tisa za milimita 120 au 140 kwa upande mmoja. Iweke kwenye fremu ya mbao inayokaa ndani ya dirisha, feni zikivuta hewa ya chumbani na kuisukuma nje. Usitoboe ukuta. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina ofisi inayoangalia mabadiliko ya majengo yake. Fremu ya kuondoka haina ugomvi na mtu.

Chagua dirisha kwa akili. Feni inayozunguka taratibu ina msukumo mdogo sana, kiasi kwamba upepo wa mita 3 kwa sekunde ukiipiga usoni hutosha kuikwamisha. Madirisha yanayotazama Bandari ya Kale hupokea kaskazi moja kwa moja kutoka kaskazini-mashariki, tena katika miezi ile ile ya joto kali. Dirisha la upande wa kichochoro, hata kama halina mandhari, ndilo la kazi hii.

Kuhusu kelele, hesabu ni tamu na watu hawaipigi. Feni ikipunguzwa kasi hadi nusu, sauti yake hushuka kwa takriban desibeli 15, ila hewa inayosukuma hupungua kwa nusu tu. Ukiongeza idadi ya feni mara tatu, unarudisha desibeli kama 5. Kwa hiyo feni tisa za mizunguko 600 kwa dakika, ukizilinganisha na tatu za namna hiyo hiyo kwa mizunguko 1,200, husukuma hewa mara moja na nusu ya hizo tatu na bado ziko chini kwa desibeli 10, ambazo sikio husikia kama sauti iliyokatwa nusu. Kanuni ya kukadiria: kila eneo la feni moja ya milimita 120 hubeba kama wati 100 kwa feni za taratibu, maji yakiwa nyuzi kumi juu ya hewa. Mashine ya wati 450 inataka nafasi tano ili inyamaze. Rejeta ya feni mbili ndani ya kasha itafanya kazi, lakini itafanya kazi ikipiga kelele, na hapo utakuwa umelipia maji ukapata feni.

Pampu nayo haihitaji kukimbizwa. Lita tatu kwa dakika zikibeba wati 400 hupata joto la nyuzi mbili tu katika safari nzima, kwa hiyo kuongeza mwendo hakukupi kitu cha maana isipokuwa mvumo. Pampu ya aina ya D5 ina hatua tano, kutoka mizunguko 1,800 hadi 4,800. Hatua ya pili inatosha mashine nyingi. Ifunge juu ya sponji au mpira laini, isiguse chuma cha kasha, na kasha lenyewe lisikae moja kwa moja sakafuni. Sakafu za boriti hupitisha mtikisiko vizuri mno. Mama wa ghorofa ya chini hatajua maana ya mizunguko kwa dakika, lakini ataisikia.

Jambo linaloharibu mashine nyingi za pwani ni mpangilio wa kasi ya feni. Kawaida ya wajuzi ni kuziongoza feni kwa joto la maji badala ya joto la prosesa, na ni kawaida nzuri: prosesa hupanda na kushuka kila sekunde, feni zikiifuata zinapiga mbinja juu chini usiku kucha, wakati maji hubadilika polepole. Tatizo ni namba. Mpangilio ulioandikwa Berlin husema feni zitulie hadi maji yafike nyuzi 30 na zikimbie kabisa yakifika 38. Ulete Mombasa mwezi wa Februari: maji yako yana nyuzi 31 kabla hujawasha gemu. Feni hazitatulia hata mwanzo, na gemu ikianza zitakimbia hadi mwisho kwa nafuu ndogo tu, kwani hakuna hewa baridi ya kuchukua. Tumia vipimajoto viwili, kimoja ndani ya maji na kingine kwenye hewa inayoingia kwenye rejeta, kisha ongoza feni kwa tofauti yao. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 8, zitulie. Ikifika 14, ziongeze mwendo. Hivyo mashine itanyamaza Julai na itanyamaza Februari. Maji kufika nyuzi 42 hayaui chochote, kwani pampu nyingi zimeruhusiwa hadi 60, na prosesa za leo zimeundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu.

Atakuja mtu akwambie utumie barafu, au mashine ya kugandisha maji. Mkatalie. Hewa ya Mombasa huanza kudondosha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Mpira wenye maji ya nyuzi 18 utatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, ila jasho hilo litadondokea ubao mama. Wenye kiyoyozi wawe na hadhari hiyo hiyo: chumba kikiwa na nyuzi 21, usizime kiyoyozi na kufungua madirisha papo hapo wakati mashine imezimwa na bado ni baridi. Acha ipate joto la chumba kwanza.

Chumvi ni adui mtaratibu zaidi. Chumvi ya kawaida huanza kujinyonyea maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, na kisiwani usiku na alfajiri hupita hapo mara nyingi. Vumbi la chumvi likiwa kavu halina neno. Likilowa huwa majimaji yanayopitisha umeme na kula shaba. Sasa tazama: hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 37 ndani ya kasha, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 45. Kwa maneno mengine, mashine inayotumika inajikausha yenyewe. Inayooza ni ile iliyozimwa wiki tatu mwenyewe akiwa safarini. Ukisafiri, ifunike kwa nailoni pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Rejeta ya dirishani ina faida nyingine hapa: inachomoka, inasuguliwa kwa brashi laini na kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usipeleke mashine kupulizwa kwa upepo wa kujazia magurudumu, kwa kuwa upepo huo huja na maji na mafuta.

Ndani ya mzunguko tia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, na usome kibandiko usije ukabeba asidi. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na ya mfereji yana madini na klorini; yote mawili hayafai. Ongeza dawa ya kuzuia kutu na uoto, maana nyuzi 40 ni joto linalopendwa na vijidudu vingi. Chagua mpira mweusi usiopenya mwanga. Mabomba ya vioo na maji ya rangi hupendeza kwenye picha, lakini rangi huganda kwenye njia nyembamba za bloki ya shaba inayokaa juu ya prosesa, na mwanga hulisha mwani. Na kwa hali yoyote usiunge rejeta ya gari ya mtumba: nyingi za sasa ni alumini, na alumini ikikutana na shaba ndani ya maji huliwa hadi itoboke.

Viungio vya mzunguko vina hesi za robo inchi za jamii ile ile ya mabomba ya nyumbani, kwa hiyo fundi bomba atakushawishi kuwa vyake vinaingia. Vinaingia, ila vingi vina hesi iliyochongoka, na ukivikaza vinapasua plastiki ya tangi. Subiri ndugu aliyeko Dubai akuletee vyenyewe. Kabla ya kutia maji, jaza mzunguko upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji, usizidishe nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida, na uangalie mshale kwa nusu saa. Uvujaji haumchagui fundi: Apple ilianza kuuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika mwaka 2004, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja na kuharibu vipuri vyake. Umeme ukikatika, pampu na joto husimama pamoja, hakuna hasara. Weka kinga dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo.

Je, ninashauri? Kadi yako ikiwa chini ya wati 250, chukua kipoozeo kikubwa cha mapezi chenye feni mbili za taratibu, uweke pesa zilizobaki kwenye kadi yenyewe. Ukimya utakaribiana na hutakuwa na maji ya kulinda. Ikiwa juu ya wati 350 na una dirisha la kichochoroni, maji yanafaa, tena yanafaa sana. Kama huna dirisha la kutolea joto, achana nayo kabisa.