Kete sawa au dadu? Mabishano ya vijana yafika barazani Likoni

Yako mabishano ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza huyaona ya kitoto, lakini akitulia hutambua kuwa ni ya tangu na tangu. Mpwa wangu akaaye Kisauni alikuwa ameacha kusemezana na wenziwe kwa sababu ya dadu, wala haikuwa dadu ya pesa.

Vijana hawa hucheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Watu huketi mezani, kila mmoja akajifanya shujaa, na mmoja wao akawa msimulizi wa mapango, mazimwi na hazina. Kila shujaa ana pointi za uhai. Akipigwa hupungua, zikiisha ameanguka. Akipanda daraja huongezewa, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka: aongezewe kwa kutupa dadu, au apewe kiasi maalumu, sawa na mwingine?

Kwa kanuni za 1974 dadu ilitupwa tangu mwanzo, na mchawi angeweza kuingia mchezoni na pointi 1 tu, akauawa na wa kwanza kumgusa. Kanuni za 2014 zilimpa mchezaji hiari. Mpiganaji huanza na 10, kisha kwa kila daraja hutupa dadu yenye pande 10 au huchukua 6 bila kutupa. Hebu msomaji tupige hesabu, tukiacha nyongeza nyingine. Kutoka daraja la 2 hadi la 10 ni mara 9. Asiyetupa apata 54. Atupaye aweza kupata 9, aweza kupata 90, na wastani wake ni 49 na nusu. Yaani mwenye kuikataa bahati hulipwa kidogo kwa kuikataa. (Ukijumlisha na zile 10 za mwanzo, asiyetupa ana 64, idadi ile ile ya kete za bao. Ni sadfa tu, lakini ilinifurahisha.)

Mpwa wangu alichagua dadu. Akapata 1, kisha 2, kisha 1 tena. Mwenziwe akapata 9 na 10. Kwa miezi mitatu shujaa wake amekuwa wa kujificha nyuma ya migongo ya watu.

Jumamosi moja nikavuka naye kwa feri hadi Likoni, kwenye baraza aliyokuwa akiketi marehemu baba yangu. Pale chini ya mwarobaini huchezwa bao upande mmoja, na dhumna upande wa pili. Dadu haipo kabisa. Masheikh wengi wameikataza hata isipokuwa na pesa, na wazee wa pale hawataki hata kuiona.

Bao halina bahati ya kulaumu. Mashimo ni 32, kila mchezaji ana kete 32. Katika bao la Kiswahili kila mmoja hutia 6 nyumbani, 2 na 2 katika mashimo mawili ya ubavuni, na 22 zikabaki mkononi. Hakuna aliyepunjwa. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako, na baraza nzima imeona. Baba yangu alifungwa na jirani yake mara tano mfululizo, jirani aliyemfundisha yeye mwenyewe kunamua. Hakurudi barazani karibu mwaka mzima. Nyumbani tuliambiwa ni maumivu ya goti.

Dhumna ni jambo jingine. Vipande ni 28, wachezaji wanne, kila mtu 7, na unachookota ndicho chako. Ukihesabu nukta zote ni 168, kwa hiyo fungu la haki ni 42, lakini nani aliwahi kupata haki mkononi? Ukijaziwa dabo tupu, wapiga meza kwa hasira, wacheka, na lawama yote waitupia vipande au mwenzi wako. Sijapata kuona mtu akisusa baraza kwa sababu ya dhumna.

Mpwa wangu akaona amepata hoja. Akamweleza mzee mmoja habari za shujaa wake, kisha akasema, "Basi, mzee, si sawasawa na dhumna? Bahati hunogesha mchezo."

Mzee akamsikiliza hadi mwisho. "Na hiyo dadu mwaitupa tena lini?"

"Haitupwi tena, mzee. Ukishapata, ndiyo yako mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?"

"Au mpaka ufe."

"Mwanangu, hiyo si dhumna. Mie nikipawa vipande vibovu, baada ya dakika kumi twavikoroga. Wewe wapawa mara moja, kisha wenda nacho miezi mitatu. Hicho si kipande, hicho ni kilema."

Nami naungana na mzee. Tulikuwa tukibishana juu ya bahati na usawa, na kumbe lililomkera kijana ni bahati isiyokorogwa. Wenye kupenda dadu husema shujaa dhaifu humfunza mchezaji hadhari, na hadithi yake huwa tamu zaidi akinusurika. Huenda ikawa kweli kwa hadithi. Lakini ni rahisi kuusifu udhaifu ukiwa wewe ndiwe uliyepata 10.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, na tukiwa twatupa zote upya kila tunapoanza kikao?" Nikamwambia akawaulize wenziwe, maana mimi si wa mchezo huo.

Wakati huo mchezaji wa nne wa dhumna alikuwa ameondoka kuwahi swala. Wakamwita kijana akae. Mzee akavikoroga vipande kwa viganja vyote viwili, kila mtu akaokota saba vyake. Nilichungulia begani mwake: dabo nne, na moja ni dabo sita. Akanitazama, akavifunika kwa mkono, akangoja zamu yake.