Je, Wajua? Paa wa thumuni, paka wa Sultani na moyo ulioachwa mtini

Je, wajua kwamba bibi wa Kiunguja huanza kumfunza mjukuu ukweli kwa kumtangazia uwongo? "Hadithi, hadithi!" anaita. "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea," wanaitika waliokaa mkekani. Au husema "Paukwa!" na wao "Pakawa!" Wakiitika kwa uvivu, anaita tena. Mtoto keshaambiwa mlangoni kwamba atakayoyasikia hayakutokea. Iliyobaki ni kazi yake kuyapima.

Na je, wajua kwamba Unguja haina simba wa mwituni, wala fisi? Mtoto wa Shangani na mwenzake wa Makunduchi humjua simba kwa kinywa cha bibi. Mkali wetu wenyewe ni chui, na ukitaka kumtazama kwa utulivu yumo amekaushwa katika makumbusho ya Mnazi Mmoja. Shamba utaambiwa chui wengine wana wenyewe, wanafugwa na wachawi. Usibishane, hasa magharibi ikiwa imeshaingia.

Bi Salme binti Said, aliyezaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana kama Emily Ruete, alilalamikia hadithi za namna hiyo. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anawasema yaya waliokuwa wakiwanyamazisha watoto kwa visa vya simba, chui, tembo na wachawi, visa vya kuwasisimua mwili hata watu wazima. Namwunga mkono. "Lala, zimwi laja" humlaza mtoto kweli, ila hapo anayetulizwa ni mlezi.

Padri Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1867 alitoa Hadithi za Kiingereza, visa vinne vya Shakespeare kama vilivyosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb, Mfalme Lear na binti zake akiwamo. Halafu akafanya la maana zaidi: akakaa kuwasikiliza wenyeji. Kitabu cha hadithi walizomsimulia kilichapwa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa unaoelekea. Aliona kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo zake, zile wanazoimba wote waliopo, na msimuliaji huunga tu vipande kwa maneno yake. Ndiye baadaye aliyejenga kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Alifariki mwaka 1882, na kaburi lake limo humo.

Katika kitabu hicho cha mwaka 1870 kimo kisa cha Sultani Darai, na hapa naomba nisiharakishe. Masikini mmoja alikuwa akichakura jaani, akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni. (Thumuni ni sehemu ya nane ya riale, waliokua na shilingi za zamani watakumbuka senti 50 ikiitwa thumni.) Mtu mwenye njaa angenunua chakula. Yeye akanunua paa, watu wakamcheka. Paa yule akafukua almasi, akaipeleka kwa sultani, akamposea bwana wake binti wa kifalme, akamvika jina kubwa. Akaua nyoka wa vichwa saba, akamtwalia bwana wake jumba la nyoka. Kisha paa akaugua. Alipoomba uji, bwana akaamuru apikiwe ule wa mtama mwekundu, akakumbusha kwamba mnyama mwenyewe kamnunua kwa thumuni tu. Mke akalia, akamtunza kwa siri alivyoweza. Paa akafa, akatupwa kisimani. Siku moja bwana akaamka na kujikuta jaani, akichakura mtama kama zamani.

Wasomaji wa Ulaya wanamjua ndugu yake paa huyu: ni paka mwenye viatu wa Mfaransa Charles Perrault, aliyechapwa mwaka 1697. Yule paka huishia kuwa bwana mkubwa, anafukuza panya kwa kujifurahisha tu. Paa wetu huishia kisimani. Nimesoma hadithi nyingi za watoto zilizofungwa kwa swali "Tumejifunza nini?", na kila mara najiuliza nani angethubutu kulipachika swali hilo chini ya kisima kile. Mtoto wa miaka mitano keshajifunza. Mwangalie uso.

Wajua kwamba paa huyohuyo alivuka bahari? Andrew Lang alimtia katika kitabu chake cha hadithi cha mwaka 1901, pamoja na Nunda mla watu. Mwaka huohuo George Bateman naye akachapa hadithi za Zanzibar mjini Chicago.

Huyo Nunda, je, wajua alianza akiwa paka wa nyumbani? Paka wa Sultani Majinuni alikula ndama. Watu wakashitaki, sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akala vikubwa zaidi, jibu likawa lilelile. Akala watu. Siku alipowaua wana wa sultani ndipo baba mtu akatambua kwamba huyo si paka tena. Hadithi hii husimuliwa watoto, lakini mimi naona imetungwa kwa ajili ya wazazi waliokaa nyuma ya mkeka wakijidai hawasikilizi.

Na aliyemwua Nunda ni kitinda mimba wa sultani huyohuyo, aliyekuwa akishinda jikoni na kudharauliwa na kaka zake. Bateman anamwita Mkaa Jikoni. Kaka zake walipopewa zamu ya kulinda mtende wa baba, walilala, ndege akala tende. Yeye alichukua bisi akazichanganya na changarawe: akisinzia, anatafuna, jino linagonga jiwe, macho yanafunguka. Hakuwa na nguvu za ajabu wala pete ya jini, ni changarawe tu. Kati ya mashujaa wote wa ngano zetu, huyu ndiye ningependa mtoto wangu amwige, ingawa meno yatagharimu.

Je, wajua kwamba kisa cha kima na papa kina zaidi ya miaka elfu moja? Kima kachukuliwa baharini mgongoni mwa papa, katikati ya safari anaambiwa moyo wake unatakiwa uwe dawa. Anajibu kwamba kwao mioyo huachwa mtini. Asili yake ni India, katika Panchatantra, na Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu karne ya 8 kwa jina la Kalila na Dimna. Kule India rafiki mbaya ni mamba, kwa Waarabu ni kobe. Ilipofika pwani yetu akawa papa, na nani atashangaa? Kila kikapu cha Soko la Darajani kinamjua.

Katika kisa kingine, Mwalimu Goso aliangukiwa na buyu akafa, akisomesha chini ya mbuyu. Wanafunzi wakamkamata upepo wa kusi. Upepo akasema kama angekuwa na nguvu asingezuiwa na ukuta. Ukuta akamtaja panya, panya akamtaja paka, na mashitaka yakazunguka kamba, kisu, moto na maji, hadi kwa paa aliyepanda mti kuiba. Paa peke yake hakuwa na la kusema. Wape watoto kisa hiki wagawane sauti, kisha waulize kama ilikuwa haki paa kuuawa. Usiku huo hamtalala mapema.

Abunuwasi wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid, mashuhuri kwa kuusifu ulevi. Huku kwetu akageuka mjanja wa watoto: sufuria aliyoazima imezaa, na jirani anapokea kitoto kwa furaha. Mara ya pili sufuria imekufa.

Wajua pia kwamba redio iliwahi kushika nafasi ya bibi? Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima, na kipindi cha Tucheze Tujifunze kikawafikia wadogo kwa nyimbo, michezo na hadithi. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakaitika. Paukwa, pakawa, kwa betri.

La mwisho si la kitabuni. Nilimsimulia mpwa wangu Sultani Darai, umeme ukiwa umekatika. Alipofika kisimani paa, akataka nibadilishe. Nikakataa, akanigeuzia mgongo. Usiku wa pili nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema: "Paukwa!"

Kimya.

"Paukwa!"

"Mpaka yule paa apone kwanza," akasema ukutani.