Subira Haimzuii Mtu Kudai Haki

Nawaandikieni kutoka Eldoret, mji wa hospitali kubwa, wanakoletwa wagonjwa wa Bonde la Ufa na magharibi yote. Mama aliyepasuliwa, kisha kikabainika kitambaa kilichosahauliwa tumboni mwake, aghalabu huambiwa: subiri, ni kadari. Kadari twaiamini; lakini haki ya mja haianguki kwa kusubiri. Fikihi yenyewe humtoza dhamana tabibu aliyezembea.

Kesi ya namna hii huweza kuchukua miaka mingi. Hospitali hukana kosa, hutakiwa daktari mwingine athibitishe uzembe, tarehe huahirishwa, na hukumu yaweza kukatiwa rufaa.

Ajabu ni kwamba safari ndefu hiyo ina mlango mwembamba. Sheria ya Kenya humpa mdai miaka 3, na akiishitaki Serikali, miezi 12 tu. Kulalamika kwa Baraza la Madaktari hakusimamishi hesabu hiyo, kwani Baraza huchunguza mwenendo wa daktari, na muda wa mahakama huendelea kupita.

Basi ombeni mapema, kwa maandishi, nakala za faili la mgonjwa. Katiba ya 2010, ibara ya 35, yawapa haki ya kupata habari. Hifadhini risiti. Mwoneni wakili kabla ya mwaka kutimia. Mkiisha kumfunga ngamia, hapo tawakalini, na subira yenu itakuwa na thawabu, inshallah.