Kwadi ilitoboa pistoni: saa moja ndogo inayopima hewa na esansi

Pistoni ilikuwa juu ya meza ya garaji, imetoboka katikati. Unaweza kupitisha kidole. Mwenye kwadi, mchimbaji wa hapa Kolwezi, alikuwa anaigeuzageuza mkononi pasipo kusema kitu. Ile pikipiki ya mipira minne aliinunua ikiwa imetumika, ya kumfikisha kwenye machimbo ya mbali wakati wa mvua, fasi ambapo pikipiki ya kawaida inazama mu matope. Feza ya pistoni mpya ilikuwa imewekwa kwa minervali ya watoto.

Mzee wa garaji alimuuliza alibadilisha nini. Jibu lilikuwa refu. Aliweka eshapema mpya, ile yenye sauti kubwa. Akaweka filtre ya hewa iliyo wazi. Kisha rafiki akamwambia: Kolwezi iko juu, hewa ni kidogo, weka jiklere ndogo zaidi ili motere isikunywe esansi mingi.

"Rafiki hakudanganya," mzee alisema. "Lakini alisema nusu. Ulifungua mlango wa hewa, kisha ukafunga mlango wa esansi. Motere ikabaki na njala."

Tulikaa pale siku mbili, juu mambo hayo yanagusa watu wengi wenye pikipiki, motopompe ao grupu ya umeme nyumbani.

Motere haikule esansi peke yake. Ili kilo 1 ya esansi iungue yote, inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa. Ukikamata gazi yote, motere ya karburateri inapenda kati ya 12,5 na 13, maana esansi iliyozidi kidogo inapoza chumba cha moto na kuleta nguvu. Ikishuka chini ya 11, moshi unakuwa mweusi, buji inapakwa masizi, na feza inatoka kwa eshapema. Ikipanda kupita 14 wakati wa gazi yote na mlima mbele yako, joto linazidi. Mwisho wake ulikuwa juu ya meza.

Sasa, Kolwezi iko karibu metre 1.450 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Matadi kwa zaidi ya kumi kwa mia, na karburateri iliyopangwa kwa nchi ya chini inatoa esansi kupita kiasi. Filtre wazi na eshapema wazi vinavuta upande mwingine. Ni upande gani ulishinda? Sikio haliwezi kujibu. Buji inaweza, lakini inakuambia kisha safari, na inachanganya habari za ralanti na za gazi yote pamoja. Sisi tunaona hapa njo kipimo kinapata maana yake. Kwa pikipiki ambayo haijabadilishwa kitu, tusingemshauri mtu kutoa feza.

Kipimo chenyewe kina vipande viwili: uso mdogo wa namba, kama saa, na sonda inayoingia ndani ya eshapema. Sonda ya aina hii inanusa oksijeni iliyobaki katika moshi. Kampuni ya Bosch ilitoa ya kwanza kwa magari mwaka 1976, katika Volvo zilizokuwa zinaenda Marekani. Ile ya zamani ilijua tu kusema "mingi" ao "kidogo". Ya leo, yenye waya tano, inatoa namba kamili, na ndiyo ya kununua kwa kazi hii. Atakayekuuzia ya waya moja kutoka gari kuukuu amekuuzia taa ya kuwaka na kuzimika.

Mzee alitoa eshapema kwanza, hakuchomelea ikiwa juu ya kwadi. Alitoboa bomba kati ya motere na mdomo wa nyuma: karibu sana na motere, sonda inaungua, karibu sana na mdomo, hewa ya nje inarudi ndani na kuharibu hesabu. Akachomelea nati ya milimetre 18, ikitazama juu, si chini wala ubavuni. Moshi una maji ndani yake. Asubuhi yanakusanyika, na tone moja likigusa sonda yenye moto linaipasua.

Umeme aliutoa kwa waya unaoamka na ufunguo, akapitisha kwenye rele na fuzi. Waya wa masi alikwaruza rangi ya shasi mpaka chuma king'ae ndipo akaufunga. Sonda ina jiko lake ndani, linalopanda kupita digri 700, na bila umeme haisomi kitu. Tena inakufa kwa masizi, kwa hiyo usitembeze motere huku sonda imo ndani na haina umeme. Silikoni ya kuzibia jointi inaiua pia. Na kwa motere ya kuchanganya esansi na mafuta, mzee anakataa kabisa kuiweka muda mrefu: mafuta yanaimaliza haraka.

Mara ya kwanza namba ilionyesha 16 kwa ralanti. Kijana wa garaji akakimbilia bisibisi.

"Acha kwanza, mwanangu," mzee alimwambia. Alikamata kitambaa kinene, akaziba mdomo wa eshapema kwa dakika ndogo tu. Tukasikia pssss pembeni ya motere. Jointi ilikuwa inavuja, hewa ya nje ilikuwa inaingia kabla ya sonda. Kama kijana angeongeza esansi, angetibu mgonjwa mzima. Buji isiyochoma vizuri nayo inadanganya hivyohivyo, maana hewa isiyoungua inafika kwa sonda kama ilivyo.

Kisha walipaka alama tatu pembeni ya kile kijiko cha gazi cha kusukumwa na kidole gumba: robo, nusu, yote. Kwa robo wanasahihisha jiklere ndogo na vida vyake, katikati sindano, mwisho jiklere kubwa. Kitu kimoja kwa safari moja. Kwa gazi yote, ile jiklere ya rafiki ilikuwa inatoa 15 na zaidi. Walipanda namba kwa namba, mara nne, mpaka 12,8. Mwenye kwadi alitaka wasimame kwa 13,5 ili kubakiza esansi. Mzee akakataa: mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi, hewa inakuwa nzito, na ile 13,5 ya jua la Oktoba itapanda yenyewe.

Kazi yote ilifanyika nje, mlango wa garaji nyuma yetu. Motere inayokula esansi mingi inatoa gazi ya karboni ambayo haina harufu wala rangi, na ile iliyopangwa vizuri inaitoa pia. Hakuna namba ya saa hii inayoruhusu kuteremsha motopompe ndani ya shimo, hata kwa dakika tano. Ibaki juu, moshi uelekee mbali na mdomo wa shimo, mupiyo ndiye ateremke.

Jioni ya siku ya pili walitoa sonda, wakaziba nati kwa bulo, na mzee akaitundika juu ya meza yake pamoja na saa. Aliinunua yeye, na anaikodisha kwa wateja. Mwenye kwadi alilipa nusu, nusu ingine mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka alirudisha filtre ya zamani, akaipangusa vumbi jekundu, akauliza kama wataanza kupima upya.

"Tutaanza," mzee alisema. "Leta esansi kesho."